Sindano ya Mama Mkubwa

Kazi yangu ni mhudumu wa afya. Naanza na hilo kwa sababu kijiji kizima kinaniita nesi, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiitika. Nesi amesomea, ana leseni yake, na akikosea kuna baraza la kumwita ajieleze. Mimi nina cheti cha mwaka mmoja, aproni ya kijani na ufunguo wa stoo ya sabuni. Kazi zangu ni kupiga deki, kufua mashuka, kuchemsha vifaa, kupima uzito na joto, kupanga mafaili, kumshika mkono mgonjwa asiyejiweza hadi chooni na kumrudisha. Siruhusiwi kuandika dawa, kushona kidonda wala kuchoma sindano. Ni mambo matatu tu, na sikuwahi kuyasahau hata siku moja, kwa hiyo sitajifanya hapa kwamba sikujua.

Zahanati yetu iko Machame, juu kidogo ya barabara ya lami. Ina tabibu mmoja, nesi mmoja na mimi. Siku za kliniki akina mama wanajaa hadi kwenye majani, na ilikuwa siku kama hiyo, zamani, nesi aliponiambia bila kugeuka, "Hebu nichomee huyu, mimi nimalizie huyu mtoto." Alikuwa amenionyesha mara nyingi nikimshikia trei. Tako unaligawa mafungu manne kwa macho, unachagua fungu la juu upande wa nje, unachoma wima. Nilichoma. Yule mgonjwa akauliza, "Tayari?" Akawaambia wenzake nje kwamba yule mnene ana mkono mwepesi kuliko mwembamba. Mnene ni mimi. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Tangu hapo nikawa nachoma nesi akizidiwa. Kisha watu wakaanza kunifuata nyumbani, Jumamosi na Jumapili, na dawa zao walizonunua mjini Moshi kwenye maduka ya dawa. Sikuwa nachukua hela. Watu wakisikia hivyo huniona mwema, na mimi huwaacha waamini. Nilichokuwa nachukua ni ile namna mtu mzima anavyokukalia kwenye kigoda, ananyamaza, anakusubiri useme. Nyumbani kwangu hakuna aliyekuwa ananisubiri niseme.

Tabibu alipojua aliniita ofisini. Ni kijana kutoka Kanda ya Ziwa, mpole, ana tabia ya kusoma kila kitu mara mbili. Alinisomea majukumu yangu mara mbili. Akaniambia, "Dada, nesi akikutuma ukachoma, yeye amekosa na wewe umekosa. Ukichoma nyumbani kwako, umekosa peke yako. Mgonjwa akiharibika, hakuna karatasi yoyote duniani itakayokutetea." Akanipa kalamu nisaini kwamba nimeelewa. Nikasaini. Nilipotoka nilikuwa nimekasirika, maana nilimwona kama mtoto aliyekuja juzi na kunifundisha kuishi na watu wangu. Zahanati niliacha kuchoma. Nyumbani sikuacha.

Sasa nimfikie mama mkubwa.

Mama mkubwa ni mjane wa kaka yake marehemu baba mkwe wangu. Kihamba chake, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kinapakana na chetu, na tangu mama mkwe afariki, yeye ndiye mama mkwe niliyebaki naye. Ni mwembamba, mfupi, hana maneno mengi. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa anayemfungia ndani kama tunavyofuga sote huku, na ng'ombe wa ndani lazima aletewe majani. Mama mkubwa alikuwa na zaidi ya miaka sabini na bado alikuwa anateremka kila siku asubuhi hadi bondeni kwenye mto, anakata majani, anapanda na mzigo kichwani kwenye njia ambayo mimi nikiipanda mikono mitupu nasimama mara tatu. Watoto wake walimwambia auze ng'ombe. Aliwajibu kwamba akiuza ng'ombe ataamka asubuhi kufanya nini.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokatika, mgongo ulimkamata. Alikwenda kwa tabibu, akapewa vidonge na kuambiwa apumzike. Vidonge havikumridhisha. Kwetu mtu mzima haamini kwamba ametibiwa kama hajachomwa. Jumamosi moja mchana akaja na kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na chupa ndogo tatu za dawa ya maumivu na mabomba ya sindano, binti wa jirani alikuwa amemnunulia mjini.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unichome."

Nilimwambia aende Jumatatu zahanati, tabibu aangalie kama sindano inamfaa. Nilisema hivyo mara moja tu, na kwa sauti ya mtu anayetaka kubembelezwa. Akasema, "Yule mtoto atanivua nguo. Nikavuliwe nguo na mtoto wakati mkamwana wangu ni nesi?" Nikacheka. Nikaosha mikono.

Alisema hivyo tu, na nataka yaeleweke hivyo, kwa sababu ya yale niliyokuja kuyaandika baadaye.

Tulikwenda chumbani kwangu. Nesi angemlaza kifudifudi, angemwambia ashushe nguo hadi mapajani, angeangalia. Lakini mimi ni mkamwana. Huku kwetu mkamwana hamwoni mama mkwe kiunoni; hata akimwogesha mgonjwa, anamwogesha chini ya kanga. Sikuweza kumwambia alale, na yeye hakuweza kulala mbele yangu. Akabaki amesimama, ameshika upande wa kitanda, akapandisha gauni na kitenge kutoka chini, kwa upande, kiasi cha kiganja tu. Mimi nikageuza uso nikatazama kalenda ya kanisa ukutani. Nikapapasa kwa kidole. Ni mwembamba yule mama, ukipapasa unakutana na mfupa haraka. Nikakadiria. Nikachoma chini ya pale panapotakiwa, chini sana, na najua hivyo kwa sababu kitenge hakikuwa kimepanda hadi pale panapotakiwa. Hakukuwa na namna yoyote ya kufika pale bila kumfunua.

Nilimheshimu mahali ambapo kazi ilinitaka nimtazame.

Mguu wake uliruka. Hilo ndilo ninalotaka kuandika wazi, maana sijaliandika popote. Sindano ilipoingia, kabla sijasukuma dawa, mguu uliruka wenyewe, akasema "Mae", mama wee, kwa sauti ndogo, akasema moto umeshuka hadi kwenye vidole. Nesi alinifundisha kwamba mgonjwa akisema hivyo unachomoa papo hapo, huulizi. Nilijua. Mkono wangu ulijua. Lakini ningechomoa angeniuliza kuna nini, na ningelazimika kusema nimekosea, mimi mwenye mkono mwepesi. Nikasema, "Vumilia mama, inaisha." Nikasukuma dawa yote hadi mwisho.

Kesho yake hakuja kanisani. Nilimkuta jioni uani kwake akitembea kwa kuinua goti juu, na kila akiinua, kandambili ya mguu wa kulia inadondoka. Anasimama, anaivaa kwa mkono, anapiga hatua, inadondoka. Unyayo ulikuwa hauinuki. Aliponiona akacheka kwa aibu, kama mtu aliyekutwa amevaa nguo kinyume.

"Mguu umelala," akasema.

"Dawa inatembea, mama. Ipe siku tatu."

Nilimkanda kwa maji ya moto. Nilimkanda siku tatu, kisha wiki, kisha wiki ya pili, na kila siku nikamwambia mshipa unaanza kuamka. Alikuwa ananishukuru. Alikuwa anamwagia sukari nyingi kwenye chai yangu. Ng'ombe alikuwa analia njaa, nikamwambia mume wangu awe anampelekea migomba iliyokatwakatwa, nikamweleza kwamba mama mkubwa ana uzee wa mguu.

Na katika muda huo wote tabibu alikuwa chumba cha pili. Nilikuwa nafuta meza yake kila asubuhi. Siku moja akaniuliza, "Yule mama yako mbona haji tena kuchukua dawa za mgongo?" Nikamjibu, "Amepata nafuu." Akasema vizuri, akaandika kitu kwenye daftari. Nilikwenda kufua mashuka yaliyokuwa safi.

Wiki ya tatu alikuja binti yake anayefanya biashara ya nguo Holili. Huyo hana subira na maneno ya dawa kutembea. Alimtazama mama yake akivuka ua mara moja tu, akaita gari, akampeleka hospitali mjini Moshi siku hiyo hiyo. Daktari alimgonga goti, akamchoma vidoleni kwa pini, akamuuliza kama alichomwa sindano siku za karibuni. Akasema ndiyo. Akaulizwa na nani. Binti yake aliniambia baadaye kwamba mama alijibu kwa kujivuna kabisa: mkamwana wangu, ni nesi wa zahanati.

Daktari akaandika barua kwa tabibu wetu. Barua ilisema sindano imejeruhi mshipa wa fahamu wa mguu, na kwamba aliyechoma ni nesi.

Nesi wetu alikuwa ametoka likizo ya uzazi siku chache kabla, bado anavuja maziwa kwenye sare. Tabibu alimwita ofisini akafunga mlango. Mimi nilikuwa napiga deki korido. Nilimsikia akisema hapana, sikuwepo, sijamchoma mtu yeyote, na sauti yake ikaanza kupanda na kukatika. Nilijua anaulizwa nini. Leseni yake ilikuwa inazungumzwa mle ndani, na mtoto wake alikuwa amelala kwenye boksi la chanjo tulilolitandikia kanga. Ningeweza kuacha tambara pale pale. Nilimaliza korido yote, nikakamua tambara, nikaanika, ndipo nikabisha hodi.

"Ni mimi," nikasema.

Tabibu hakushangaa. Nesi alinitazama, akachukua mtoto wake, akatoka, na hajanisemesha vizuri hadi leo. Sina la kumlaumu.

Nikaambiwa niandike maelezo. Alinipa karatasi mbili, kalamu, akaniacha peke yangu kwenye chumba cha kupimia watoto. Kalamu inapokuwa mkononi mtu anajiona anajitetea mbele ya dunia nzima. Nilikuwa na watoto wawili sekondari, nilikuwa na mume anayelima kahawa isiyolipa, nilikuwa na saini yangu kwenye karatasi ile ya onyo ndani ya faili. Nikaandika kwamba mama mkwe wangu alikuja na dawa zake mwenyewe. Kweli. Nikaandika kwamba nilimshauri aende zahanati. Kweli. Nikaandika kwamba alikataa na akanilazimisha, na kwamba kwa mila zetu mkamwana hawezi kumkatalia mama mkwe. Nikaandika kwamba nilichoma mahali panapotakiwa na hakulalamika. Nikasoma mara mbili kama tabibu. Ilisomeka vizuri sana.

Kamati ya zahanati ilikaa wiki iliyofuata kwenye ukumbi wa kijiji, pamoja na ofisa kutoka wilayani. Sikujua kwamba maelezo yangu yangesomwa kwa sauti, na sikujua kwamba mama mkubwa angeitwa. Aliingia ameshikiliwa na binti yake, amevaa viatu vya kufunga kamba vya marehemu mume wake, maana ndivyo tu visivyodondoka. Akakaa kwenye benchi mbele yangu. Ofisa akasoma. Alipofika kwenye neno "alinilazimisha", binti yake alitaka kusimama. Mama mkubwa akamshika mkono.

Ofisa akamuuliza, "Mama, ni kweli ulimlazimisha?"

Alinitazama. Alinitazama muda mrefu, na sikuona hasira. Nilimwona anatafuta. Alikuwa anarudi nyuma kwenye ile Jumamosi, anajiuliza alisema nini, kwa sauti gani, kama kweli kuna mahali alinikaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Niliangalia magoti yangu.

"Kama ameandika hivyo," akasema, "basi ndivyo. Mimi ndiye niliyemsumbua. Msimfukuze, ana watoto."

Nikapewa onyo kali kwa maandishi. Nikaondolewa chumba cha matibabu. Sasa sigusi hata trei, nafua na kupiga deki, na mlangoni kumebandikwa karatasi inayosema nani anafanya nini, ili wagonjwa wajue. Watu wengine walisema nimeonewa. Waliniambia hivyo njiani, wakinishika mkono, nesi wetu pole, na mimi nikasema asante.

Siku nne baada ya kikao, asubuhi, nilikuwa uani nachambua maharage ya kiburu, ya kupika pamoja na ndizi, nikasikia fimbo kwenye mawe. Mama mkubwa alikuwa amevuka mpaka peke yake, na zile hatua zake za kuinua goti. Mkononi alikuwa ameshika jani la isale.

Msomaji wa mbali huenda hajui. Isale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi. Mtu aliyemkosea mwenzake analikata jani lake, analifunga fundo, anampelekea aliyemkosea. Ndiyo namna yetu ya kuomba msamaha, na aliyekosewa haruhusiwi kukataa, hata kama ameuliwa ndugu. Hulipeleki kwa mzaha, na hulipokei kwa mzaha. Akishapokea, jambo limekwisha na hakuna wa kulifukua.

Nilisimama na maharage yakamwagika kutoka mapajani. Nilifikiri, Mungu nisaidie, kwamba amelishika kwa ajili ya mtu mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa anahema. "Nimekaa nimefikiri. Mtu huwa hajisikii anavyosema na wadogo zake. Nilikulazimisha, na nimekutia aibu mbele ya watu, na kazi yako wameikata nusu. Umeliandika na sikulijua mpaka waliposoma." Akanyoosha mkono. "Nisamehe."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, niliyasikia yakija: mama, mguu uliruka, nilijua, nilisukuma. Binti yake alikuwa amesimama ng'ambo ya mpaka, mikono kiunoni, anatuangalia. Mume wangu alikuwa ametoka mlangoni, alipoona isale akavua kofia. Mama mkubwa alikuwa ameweka uzito wote kwenye fimbo kwa sababu hawezi tena kusimama muda mrefu bila kuegemea.

Nililipokea.

"Yamekwisha, mama," nikasema.

"Yamekwisha," akasema, na uso wake ukafunguka, akaomba maji ya kunywa. Alikunywa amesimama. Kisha akarudi kwake kwa njia ile ile, na mume wangu akaniambia nimefanya vizuri.

Sasa ni miezi saba. Mguu haujarudi. Mtaalamu wa mazoezi wa mjini anasema mshipa unaota taratibu sana na kwa umri wake asitegemee mengi. Mimi ndiye ninayeteremka mtoni kila asubuhi kukata majani ya ng'ombe wake kabla ya kwenda kazini, na ananisifia kwa kila mtu anayepita, kwamba nilimsamehe na bado namhudumia. Tabibu alisikia, akaniambia nina moyo. Nilikuwa nimeshika fagio, nikaendelea kufagia.

Nikitoka mtoni napitia mpakani, kati ya kihamba chake na chetu, mzigo wa majani kichwani na mundu mkononi. Mpaka wote ule ni masale, safu nzima, marefu kuliko mimi. Nayapita asubuhi, nayapita jioni. Mundu ninao. Sijakata hata jani moja.